Ukifungua tumbo ukute saratani, hesabu kabla ya kukata

Mwezi uliopita tulipokea mama mmoja hapa Kisumu, ametoka upande wa Migori na matatu, ameshika bahasha ya kaki na ndani kuna karatasi moja tu ya rufaa. Operesheni alikuwa amefanyiwa miezi mitatu nyuma, hospitali sitaitaja. Ripoti yote ya thieta ilikuwa mstari mmoja: "Tumbo lilifunguliwa, saratani imejaa, likafungwa." Imejaa wapi? Kwa ini? Kwa nyonga? Kwa utumbo mwembamba? Vinundu vya saizi gani? Bayopsi (kipande cha kupimwa maabara) ilichukuliwa ama haikuchukuliwa? Hakuna. Ikabidi tumrudishe thieta tumfungue upya ndio tujue, na tulichokuta ni omentamu (lile pazia la mafuta linalofunika utumbo) imekuwa ngumu kama chapati iliyolala na vinundu kwa nyonga, lakini utumbo mwembamba ni safi kutoka mwanzo hadi mwisho. Yaani huyo mama alikuwa na nafasi tangu siku ya kwanza, na hiyo miezi mitatu yote alikuwa amekaa nyumbani akiambiwa hakuna kitu ya kufanya.

Ndio maana naandika hii. Ni ya medikali ofisa, rejista (daktari anayesomea ubingwa), klinikal ofisa wa upasuaji, na masista wa thieta pia kwa sababu mara nyingi wao ndio wako na kalamu. Sifunzi mtu kuondoa saratani hapa, hiyo ni kazi ya timu na ya miaka. Nafunza kuangalia, kuhesabu na kuandika, na hiyo kila mtu anayefungua tumbo anaweza, iwe ni Eldoret ama ni hospitali ndogo ya kaunti.

Kazi inaanza kabla ya kisu. CT skani ukiwa nayo ni nzuri lakini usiiamini sana, vinundu vidogo vya chini ya nusu sentimita inavikosa sana, haswa vile vimekaa juu ya utumbo mwembamba, kwa hivyo skani ikisema kidogo wewe tarajia zaidi. Angalia kitovu kama kuna uvimbe mgumu. Gusa shingo upande wa kushoto juu ya mtulinga, ule mfupa wa kola. Ingiza kidole njia ya haja kubwa usikie kama kuna rafu ngumu mbele ya rektamu (mwisho wa utumbo mpana), watu wengi wanaruka hii kwa aibu na ni dakika moja tu. Halafu ongea na mgonjwa na watu wake mapema, na hapo chunga lugha, kwa sababu kwa Kiswahili "tumbo" ni ule mfuko wa chakula na pia ni tumbo lote, kwa Kijaluo pia ukisema ich ni vivyo hivyo. Ukiwaambia "saratani ya tumbo" mmoja ataelewa ni mfuko wa chakula, mwingine ataelewa imejaa kila mahali. Wachoree kwa karatasi. Waambie: tunaingia kuangalia kwanza, tunaweza kutoka bila kuondoa kitu, na hiyo haitakuwa na maana kwamba tumemtupa.

Kama uko na laparoskopi (kamera inayoingizwa tumboni kwa tundu dogo) na hakuna dharura, anza nayo. Weka matundu yako katikati ya tumbo kwa mstari ule ule ambao kisu kitapita baadaye, kwa sababu saratani inapenda kuota kwa tundu la chombo, na likiwa kwa mstari wa kati yule atakayefanya operesheni kubwa atalikata atoke nalo. Ukilitoboa huko pembeni umempa kazi nyingine.

Ukiingia tu, kabla ya kuosha, kabla ya kugusa chochote, shughulikia maji. Vuta maji yaliyo ndani uweke kwa chupa safi ya saitolojia (kipimo cha kutafuta seli za saratani). Andika ni kiasi gani na rangi gani: ya manjano, ya damu, meupe kama maziwa, ama mazito kama jeli. Hayo ya jeli kumbuka apendiksi, mara nyingi chanzo chake ni huko hata kama apendiksi yenyewe ni kadogo. Kama hakuna maji, mwaga selaini kama mililita 200, zungusha kwa nyonga na chini ya dayaframu (msuli wa kupumulia ulio juu ya ini), vuta tena. Kwa saratani ya mfuko wa chakula hii kitu ni muhimu kuliko vile watu wanadhani, kwa sababu seli zikionekana kwa hayo maji mgonjwa anahesabiwa kuwa imeshaenea hata kama macho yako hayaoni kinundu hata kimoja. Na kama maabara iko mbali weka chupa kwa friji, usiiache kwa dirisha la thieta na hili joto la Kisumu.

Sasa, mahali pa kuangalia. Nikueleze kwanza saratani inatembea aje ndani, kwa sababu ukielewa hiyo hutahitaji kukariri. Ndani ya tumbo kuna maji kidogo ambayo hayatulii. Yanashuka kwa nyonga kwa uzito, halafu pumzi inayavuta juu kupitia mfereji wa pembeni upande wa kulia mpaka chini ya dayaframu ya kulia, na huko yanafyonzwa. Upande wa kushoto kuna kano inayofunga njia karibu na wengu, ndio maana kulia huwa kubaya zaidi. Seli za saratani zinasafiri na hayo maji, na zinatia nanga pale maji yanatulia ama yanafyonzwa: shimo la nyuma ya kizazi, mfereji wa kulia, dayaframu ya kulia, na omentamu. Utumbo mwembamba unacheza kila saa kwa hivyo mara nyingi unashikwa mwisho, na ukiona umeshikwa sana hiyo ni habari nzito. Kwa hivyo daktari ambaye ameangalia pale kisu kiliingilia tu akasema "imejaa", ama akasema "hakuna", hajaangalia.

Njia ya kuhesabu ambayo wengi duniani wanatumia inaitwa PCI (Peritoneal Cancer Index), ilielezwa na Jacquet na Sugarbaker mwaka wa 1996. Unagawa tumbo sehemu 13. Tisa za kwanza ni kama ule mchoro wa miraba tisa tulifunzwa shule: mstari mmoja wa kulala unapita chini ya mbavu, mwingine kwa ncha za mifupa ya nyonga mbele, halafu mistari miwili ya kusimama inagawa tumbo mara tatu sawa. Katikati ni namba 0. Kisha unaenda juu kulia kwa mgonjwa, hiyo ni 1, unazunguka kama saa inavyozunguka: 2 ni juu katikati, 3 juu kushoto, 4 ubavu wa kushoto, 5 chini kushoto, 6 nyonga, 7 chini kulia, 8 ubavu wa kulia. Nne zilizobaki ni utumbo mwembamba peke yake (jejunamu ni sehemu yake ya juu, ileamu ni ya chini): 9 ni jejunamu ya juu, 10 jejunamu ya chini, 11 ileamu ya juu, 12 ileamu ya chini.

Usihesabu na macho ukiwa umesimama. Fungua mstari wa kati vizuri, weka retrakta (chombo cha kushikilia kidonda wazi), na taa ya kichwa kama mko nayo. Kwa 0 unaangalia kidonda chenyewe, omentamu kubwa, na utumbo mpana unaopita katikati. Inua omentamu yote uitoe nje, uisikie kwa vidole, kwa sababu kuna ile inaonekana mafuta ya kawaida kumbe ndani ni kokoto. Namba 1, kata ile kano inayoshika ini kwa ukuta wa mbele ndio mkono upite juu ya ini mpaka nyuma, halafu vuta ini chini uone dayaframu kwa macho. Mkono peke yake unadanganya. Hapa ndio vinundu vingi vinakosewa, na ndio mimi mwenyewe nikiwa rejista nilikosea, nikaandika dayaframu safi na mkubwa wangu akainua ini akanionyesha vinundu kama mtama vimetapakaa. Sijawahi kusahau.

Namba 2 ni ini la kushoto na omentamu ndogo. Namba 3 ni wengu, mkia wa kongosho, na mfuko wa chakula mbele na nyuma, na nyuma huwezi kuona bila kufungua ule mfuko mdogo ulio kati ya mfuko wa chakula na utumbo mpana, so fungua. 4 na 8 ni mifereji ya pembeni pamoja na utumbo mpana wa kushuka na wa kupanda. 5 ni sigmoidi (utumbo mpana kabla ya rektamu) na ukuta wa pembeni. 6 ni kizazi, ovari, kibofu, rektamu na lile shimo la nyuma, hapa inamisha meza kichwa chini uinue utumbo wote utoke, usiangalie kwa kuchungulia. 7 ni mwanzo wa utumbo mpana na apendiksi. Ovari zote mbili uziangalie kwa kila mwanamke hata kama saratani unajua ni ya mfuko wa chakula, kwa sababu ile ya mfuko wa chakula inapenda kudondokea hapo, na kinyume chake ukikuta ovari kubwa pande zote mbili jiulize kama chanzo ni juu.

Halafu utumbo mwembamba. Hapa usiharakishe, hata kama mtu wa anaestezia anakuangalia. Anza pale jejunamu inaanzia, pitisha utumbo mkononi kiasi cha kiganja kwa kiganja mpaka unapoingia utumbo mpana, upande huu, geuza, upande ule, na mesentari (utando unaoshika utumbo na kuupitishia damu) pia pande zote mbili mpaka kwa mzizi wake. Angalia kama mesentari imejikunja na kuvuta utumbo pamoja kama kitambaa kilichokamatwa katikati. Hiyo ikiwa hivyo andika kwa herufi kubwa.

Kila sehemu unaipa alama. Sifuri kama hakuna kitu. Moja kama kinundu kikubwa zaidi hapo kinafika nusu sentimita. Mbili kama ni zaidi ya nusu mpaka sentimita 5. Tatu kama kinapita sentimita 5, ama kama saratani imeunganisha viungo vikashikana, na hii ya kushikana ni tatu moja kwa moja hata kama ni nyembamba. Unachukua kinundu kikubwa zaidi, sio idadi, hata kama ni 100 vidogo bado ni moja. Uvimbe wenyewe wa chanzo ambao unaweza kutolewa wote hauhesabu. Na kama kuna sehemu zimegandana kwa sababu ya operesheni ya zamani, achanisha kwanza ndio uhesabu, lakini kwa upole. Tumia rula, sista akufungulie ile ya karatasi iliyosafishwa, kwa sababu macho ya mtu akiwa amechoka saa nane usiku hayajui nusu sentimita.

Mfano. Juu kulia 1, juu katikati 0, juu kushoto 0, ubavu wa kushoto 1, chini kushoto 1, nyonga 3, chini kulia 2, ubavu wa kulia 1, katikati 3 kwa sababu ya omentamu, jejunamu zote mbili 0, ileamu ya juu 0, ileamu ya chini 1. Jumla ni 13. Kubwa kabisa inaweza kuwa ni 39. Sista anasema namba kwa sauti, wewe unarudia, inaandikwa hapo hapo, sio baadaye ukiwa unakunywa chai.

Hiyo namba inasema nini? Inategemea chanzo, na hapa watu wanachanganya sana. Kwa saratani ya utumbo mpana wengi wanaona ikipita 20 operesheni kubwa haimsaidii mgonjwa. Kwa mfuko wa chakula mpaka ni chini zaidi, wengi wanataka isipite 12 na wengine wanataka chini ya 7. Lakini ule ugonjwa wa jeli unaotoka kwa apendiksi, wa aina ya polepole, mtu anaweza kuwa na 30 na bado aondolewe na aishi miaka, kwa hivyo tafadhali usimwone mgonjwa wa jeli ukamfungia mlango. Kwa ovari kuna hesabu nyingine ya laparoskopi, ya Fagotti wa Italia, vitu saba na kila kimoja ni sifuri ama mbili, ikifika 8 inaonyesha kuondoa yote kwa mara ya kwanza ni ngumu, afadhali aanze kemo. Na kwa ovari pia andika kama vinundu vya nje ya nyonga vinapita sentimita 2, kwa sababu hapo ndio hatua ya 3B inakuwa 3C, na andika kama ini limeguswa juu juu ama limeingiliwa ndani, manake hiyo ya ndani ni hatua ya 4.

Na mahali pana uzito kuliko jumla. Mimi nitachukua mgonjwa wa 18 ambaye yote iko kwa omentamu, nyonga na kuta za tumbo, kuliko wa 10 ambaye yote iko kwa utumbo mwembamba na mzizi wa mesentari, kwa sababu omentamu unaondoa na mtu anaishi, utumbo mwembamba wote huwezi kuondoa akaishi. Kwa hivyo chini ya namba ongeza mistari: mzizi wa mesentari ukoje, mirija ya nyongo pale chini ya ini imezungukwa ama la, kichwa cha kongosho, mirija ya mkojo, vinundu ndani ya ini ni vingapi, na utumbo mwembamba ulio safi unakadiria ni mita ngapi.

Sasa nataka kusema kuhusu TB, na hapa nisomeni polepole, kwa sababu hapa kwetu hii ndio inaumiza zaidi. TB ya tumbo inafanana na saratani iliyoenea mpaka inatisha. Maji mengi ya manjano, vinundu vyeupe vidogo vya saizi moja vimetapakaa kila mahali, omentamu nene, utumbo umegandana, mgonjwa amekonda, na hata CA-125, kile kipimo cha damu cha saratani ya ovari, kinapanda. Msichana wa miaka 22 akija na tumbo la maji usimwandikie saratani ya ovari kwa sababu umeona vinundu. Huyo anaweza kupona kabisa na dawa za miezi kadhaa! Kata vipande vingi, angalau sehemu tatu tofauti, kutoka omentamu na ukuta wa tumbo. Vingine uweke kwa fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu) viende patholojia. Na kimoja au viwili uweke kwa chupa safi na selaini, BILA fomalini, viende GeneXpert (mashine ya kupima TB) na kuoteshwa, kwa sababu fomalini inaua vijidudu na hakuna kitu kitaota. Nimeona mara nyingi kila kipande kimetumbukizwa kwa fomalini na hapo ndio habari imeisha. Na GeneXpert ikisema hakuna bado usifute TB, kwa tishu ya tumbo inakosa sana, ngoja patholojia. Kwa wale wa kando ya ziwa kumbuka pia kichocho, ini linaweza kuwa na makovu na uvimbe wa ajabu ambao si saratani. Bila bayopsi hakuna neno saratani kwa ripoti, andika "vinundu, bayopsi imeenda".

Hivi sasa umeangalia, umehesabu, umechukua vipande. Kama hukuwa umepanga hii operesheni, tuseme uliingia ukidhani ni apendiksi ama utumbo umefungana, basi tatua kile kinamuua leo. Kama utumbo umeziba, toa stoma (mdomo wa utumbo nje ya tumbo) ama unganisha pembeni. Kama kuna damu, simamisha. Halafu funga. Usianze kunyofoa nyofoa vinundu ili uonekane umefanya kazi. Peritoniamu, ule utando wa ndani ya tumbo, ni ukuta, ukiifungua nyuma bila mpango unapanda seli kwa vidonda vipya vya ndani zaidi, na operesheni ya pili ambayo ingemsaidia inakuwa ngumu mara mbili. Kuna hata alama inahesabu ni kiasi gani mgonjwa alishakatwa kabla, ikiwa juu matokeo yanaharibika. Na kama ni uvimbe wa ovari mzima ambao haujapasuka, usiutoboe kuvuta maji ndani, ukipasuka mikononi mwako umebadilisha hatua ya ugonjwa.

Kama ni timu yenyewe na mmeondoa, basi mwisho andikeni kilichobaki, kwa sababu hiyo ndio inaamua maisha kuliko karibu kila kitu kingine. Alama yake inaitwa CC: CC-0 hakuna kinachoonekana, CC-1 kilichobaki hakifiki milimita 2.5, CC-2 ni mpaka sentimita 2.5, CC-3 ni zaidi ya hapo. Watu wananiuliza sana kuhusu ile kemo ya moto ya kumwagwa ndani ya tumbo, wakidhani ndio dawa yenyewe. Ule utafiti mkubwa wa Ufaransa, PRODIGE 7, uliotoka 2021, kwa saratani ya utumbo mpana uliona kuongeza hiyo kemo ya moto hakukurefusha maisha kuliko kuondoa vizuri peke yake, na wagonjwa wa pande zote mbili waliishi wastani wa zaidi ya miaka mitatu. So mkono na macho yako ndio vinahesabika.

Ripoti sasa. Chora ile miraba tisa kwa kalamu, na mstari wa utumbo mwembamba kando umegawanywa mara nne, jaza namba. Thieta yetu tumebandika mchoro mmoja ukutani karibu na ubao wa kuhesabia swabu na tunapiga fotokopi, haigharimu kitu. Piga picha kwa simu ya idara kama mgonjwa alikubali, bila uso, bila jina: dayaframu ya kulia, omentamu, nyonga, mesentari, basi. Andika maji yalikuwa kiasi gani, vipande vingapi vimeenda wapi na kwa chupa gani, umekata nini, umeacha nini na kwa nini. Nakala moja faili, nakala moja kwa mkono wa mgonjwa, kwa sababu faili inapotea kati ya Homa Bay na Kisumu lakini mama hapotezi bahasha yake, na jamaa yake mmoja aipige picha pia. Halafu pigia simu daktari unayempelekea kabla mgonjwa hajapanda gari, umsomee namba zote 13, asipookota simu mtumie meseji, na uandike kwa faili ulimtumia saa ngapi.